Kumuona Mtoto Baada ya Kuachana: Amri Isiyosema Siku

Kinababa wanaofikishana mahakamani na wenzi wao kwa ajili ya mtoto hukitaja kwa uchungu kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kinachochukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni heri akae na mama yake. Wengi hukisoma kama hukumu iliyokwisha andikwa, ilhali ni dhana tu inayoweza kupingwa kwa ushahidi, na kifungu hichohicho kinaitaka mahakama itangulize ustawi wa mtoto, kisha itazame matakwa ya wazazi, kauli ya mtoto mwenyewe akiwa na umri wa kujieleza, na mila za jamii yake.

Wanaoitetea dhana hiyo wana hoja nzito. Kunyonyesha, kukesha na homa na kwenda kliniki huwa mikononi mwa mama hata kabla ya ndoa kuvunjika, na mtoto aliyekwisha kupoteza nyumba yenye wazazi wawili hapaswi kupotezewa pia mlezi aliyemzoea. Watu wa pwani nao hawaioni ngeni, kwani katika fikihi ya Kishafii (sheria ya Kiislamu kwa madhehebu ya Imamu Shafii) hadhana, yaani haki ya kumlea mtoto, ni ya mama hadi mtoto afikie umri wa kupambanua, takriban miaka 7, ndipo achague mwenyewe.

Wanaoipinga husema kwamba dhana huzaa mazoea, na baba aliyekuwa akimwogesha mwanawe na kumpeleka chekechea anageuka mgeni wa Jumapili. Hao huielekeza Tanzania kwa jirani: ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya malezi ya wazazi wote wawili, wenye wajibu ulio sawa, wawe wameoana au hawakuoana.

Hoja ya usawa naikubali, ila si pale inapogeuzwa kuwa hesabu ya siku. Mtoto ambaye mama yake yuko Mbagala na baba yake yuko Bunju, pande mbili za mbali za Dar es Salaam, hawezi kulala wiki huku na wiki kule akaendelea kusoma shule moja, labda awe anaamka saa kumi za usiku kugombania daladala. Jumapili jioni daftari la hisabati limesahaulika kwa baba, sare iliyofuliwa ingali kwenye kamba kwa mama, na anayechapwa Jumatatu ni yeye. Wazazi wanaokaa mtaa mmoja na wangali wanasemeshana wana nafasi nzuri zaidi ya kugawana siku. Palipokuwa na kipigo ndani ya nyumba, hata dakika tano za kukabidhiana mtoto mlangoni ni hatari.

Nadhani ugomvi mkubwa hauko kwenye nani akae na mtoto, uko kwenye kumuona. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamruhusu mzazi, mlezi au hata ndugu aliyekuwa akimlea mtoto (bibi, kwa mfano) kuiomba mahakama nafasi ya kumuona mara kwa mara. Lakini amri ikisema tu kwamba baba atamuona mtoto “kwa nyakati zinazofaa”, nani atapima kinachofaa? Mama atasema mtoto amelala, ana mafua, amekwenda kwa bibi yake. Baba naye atapitisha miezi mitatu bila kutuma hela ya matunzo, kisha atokee siku ya sikukuu na kiatu kipya kisichomwenea mtoto, akitaka kuondoka naye. Kila mmoja anamlipiza mwenzake kwa kitu ambacho si chake: matunzo ni ya mtoto, na kuonana ni kwa mtoto vilevile. Deni la matunzo lidaiwe kwa njia yake, na mlango usifungwe kwa sababu yake.

Ningependa kuona amri zinazotaja Jumamosi saa nne asubuhi, zinazosema nauli ni ya nani, likizo ya Desemba inagawanywaje, simu ipigwe jioni zipi, na shangazi au mjomba gani ampokee mtoto pale ambapo wazazi hawawezi kutazamana usoni.