Kufuli moja la flopi liachwe lilivyo

Huku Langoni, Lamu, ukimtajia kijana wa kompyuta habari ya flopi, ile diski ya zamani ya kuchomeka, atacheka, na ana haki. Diski ya megabaiti 1.44 haitoshi hata picha moja ya simu yake. Lakini draiva yake, yaani programu ya kuiendesha, bado imo ndani ya kerneli (kiini) ya mfumo wa Linux, na kila baada ya muda hutokea mtu anayetaka kuifanya ya kisasa. Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni mahali anapoanzia, maana wengi hukimbilia makufuli, yale yanayozuia kazi mbili zisiguse kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Kufuli Kuu, lile moja lililotumiwa na sehemu nyingi za kerneli, liliondolewa kabisa mwaka 2011. Kabla ya hapo draiva ya flopi ilikuwa imeshapewa kufuli lake moja badala ya lile Kuu, na wapo wanaoona hiyo ni kazi nusu: wanataka ligawanywe vipande vipande. Ya nini? Kidhibiti, kile chombo kinachoiongoza diski, ni kimoja, diski inazunguka mara 300 kwa dakika, hakuna foleni ya kugombaniwa. Ukiligawa unaongeza tu njia za kazi kukwama zikingojana.

Kasoro ya kweli iko kwenye namna programu inavyongoja diski imalize kazi. Mtindo wa kale, ule wa amri ya kerneli iitwayo sleep_on, ulikwenda hivi: tazama kama kazi imekwisha, ikiwa bado, lala hadi uamshwe. Kati ya kutazama na kulala pana mwanya. Chukua msafiri wa Mokowe aliyechungulia gatini, boti haijafika, akageuka kwenda kujilaza barazani. Yuko njiani, mwamshaji kapita barazani, hakumkuta mtu, kaenda zake. Msafiri akifika analala, na hakuna tena wa kumwamsha. Ndivyo programu inavyoganda na hujui kwa nini, kwa sababu siku nyingine mwanya huo haugongwi. Kufuli Kuu lilikuwa likifunika baadhi ya nyufa hizi, ndiyo maana kuling'oa kabla ya kurekebisha kungoja kulikuwa hatari.

Dawa yake, amri ya wait_event, imegeuza utaratibu: jiandikishe kwanza kwenye foleni, kisha tazama tena, ndipo ulale, ukiamshwa, tazama tena kabla ya kuamini. sleep_on yenyewe ilifutwa mwaka 2014, na draiva ya flopi ya Atari, kompyuta za zamani, ilikuwa miongoni mwa zilizochelewa kuiacha.

Msiseme msimbo wa flopi hauna madhara kwa vile umezeeka. Tundu la usalama liitwalo VENOM, lililofichuliwa mwaka 2015, lilikuwa kwenye QEMU, programu ya kuigiza kompyuta, katika sehemu inayoigiza kidhibiti cha flopi, na lilikuwepo tangu 2004.

Kwa hiyo anayeleta kiraka, yaani badiliko la msimbo, cha makufuli mapya na ushahidi wake ni kwamba kimepita kwenye QEMU, mimi ningekirudisha. Flopi ya kuigiza haina mota inayochelewa kushika kasi, wala mtu wa kuichomoa diski katikati ya kazi. Aitafute mashine halisi ya kusomea flopi, aichomoe diski inaposomwa, kisha alete majibu.