Ukiwa na wiki moja India, nenda Gujarat

Kila mwaka kaskazi ikianza kuvuma, ndugu na marafiki huniuliza swali lile lile: nina wiki moja, nataka kuiona India, nianzie wapi? Nami hujibu vile vile. Nenda Gujarat, jimbo la magharibi mwa India, na hata huko usitake kuimaliza.

Wengi hushangaa. India waliyoizoea kwenye picha ni Taj Mahal, na safari wanayouziwa na mawakala ni ile ya pembe tatu: Delhi, Agra, Jaipur. Mimi pia ndivyo nilivyoanza. Tulikuwa wanne, tuna siku sita, na ratiba isiyo na nafasi hata ya kikombe cha chai. Wakala wetu alitupangia Agra siku ya Ijumaa. Taj Mahal hufungwa Ijumaa, isipokuwa kwa wanaokwenda kusali katika msikiti wake. Kaburi la malkia Mumtaz Mahal, ambalo ndilo Taj yenyewe, tuliliangalia kutoka ng'ambo ya mto Yamuna, kwenye bustani ya Mehtab Bagh, kisha tukahimizwa garini kwa kuwa Jaipur ilikuwa bado kilomita zaidi ya 200. Dada yangu alilia njia nzima. Alikuwa ameingoja siku ile tangu yuko shule ya msingi.

Hata kama ingekuwa Jumamosi, bado safari ile ilipangwa vibaya. India ina takriban kilomita za mraba milioni 3.3, yaani Tanzania mara tatu na nusu. Watu wake wamepita bilioni 1.4. Ina majimbo 28 na maeneo 8 yanayotawaliwa na serikali kuu, na katiba yake inataja lugha 22, mbali na mamia ambazo haikuzitaja. Mtu wa Chennai, kule kusini, akikutana na mtu wa Ahmedabad, kule Gujarat, huenda wasielewane mpaka waazime Kiingereza. Hata herufi za vibao vya maduka yao si zile zile. Mwenye siku saba akitaka kuionja nchi kama hiyo yote, siku zake zitaishia barabarani. Atarudi nyumbani amepiga picha milango mia na hakuketi na mtu hata mmoja.

Kwa hiyo shika upande mmoja. Anayetamani Agra, aende Agra peke yake siku tatu: aione Taj alfajiri, aione ngome, aende Fatehpur Sikri, mji ambao mfalme Akbar aliujenga ukawa makao yake kuanzia 1571 na baada ya miaka kama kumi na minne akauhama. Anayependa kusini, Kochi na vijiji vyake vya maji vinamtosha. Lakini mtu wa pwani yetu akiniuliza mimi, humwambia avuke bahari aende kule majahazi yalikotoka.

Wengi wetu India tunaijua kwa hospitali na vyuo. Tunasahau kwamba tunaibeba mdomoni kila siku. Pesa, gari, laki, bima, bepari, chapati, bajia: maneno haya yalishuka bandarini pamoja na mizigo. Aliyekodishwa ushuru wa forodha ya Zanzibar enzi za Sayyid Said alikuwa Jairam Shivji, wa jamii ya wafanyabiashara ya Wabhatia wa Kutch. Lile jumba la roshani za mbao pale Mizingani liitwalo Old Dispensary lilianza kujengwa 1887 kwa fedha za Tharia Topan, naye pia mzaliwa wa Kutch. Ukipita Mji Mkongwe ukaona milango ya vibao vya mraba inayokunjwa kama kurasa, wenyewe huiita ya Kigujarati. Na Kutch ni nini? Ni pembe ya magharibi kabisa ya Gujarat, inayopakana na Pakistan. Unaweza kufika asubuhi kwa treni kutoka Ahmedabad.

Safari yangu ya Gujarat niliianzia Ahmedabad, usiku tatu. Mji huu aliuanzisha Sultan Ahmad Shah mwaka 1411, na 2017 sehemu yake ya kale ikawa mji wa kwanza wa India kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mitaa yake ya zamani huitwa pol: vichochoro vyenye lango, nyumba za mbao zilizochongwa kwa subira, na katikati nguzo yenye kibanda cha kulishia ndege. Aliyekulia Mji wa Kale Mombasa au Lamu hatapotea humo, miguu yenyewe inajua. Manispaa ina matembezi ya asubuhi yanayoanzia hekalu la Swaminarayan pale Kalupur na kuishia Msikiti wa Ijumaa wa 1424. Usiyakose. Jioni nenda Manek Chowk, uwanja ambao asubuhi ni soko la mboga, mchana ni la dhahabu na fedha, na usiku hugeuka jiko kubwa la barabarani.

Lakini kilichonishika ni msikiti mdogo uliozingirwa na magari. Unaitwa Msikiti wa Sidi Saiyyed, wa mwaka 1573. Dirisha lake moja ni jiwe lililochongwa likawa mti, matawi yamesukana na mwanga unapita katikati ya majani. Aliyeujengesha alikuwa Mhabeshi. Mtu wa upande wetu wa bahari ndiye aliyeacha alama ambayo mji mzima umeifanya nembo yake, na mimi nilikuwa nimefika umri wa miaka arobaini bila mwalimu yeyote kunitajia jina lake. Nilikaa kwenye ile nyasi saa mbili. Ratiba ya pembe tatu isingeniruhusu hata dakika ishirini.

Masidi wako Gujarat mpaka leo. Ni wazao wa Waafrika waliofika kwa karne nyingi wakiwa askari, mabaharia, na wengi wakiwa watumwa waliouzwa kutoka pwani zetu, katika biashara ambayo matajiri wa pande zote mbili waliitia mitaji. Kijiji chao maarufu ni Jambur, karibu na msitu wa Gir, na ngoma yao huiita goma. Neno lile lile, limepoteza herufi moja tu njiani. Nilitamani sana kwenda. Ila Jambur iko kusini, Bhuj, mji wa Kutch, iko magharibi, na mimi nilikuwa na siku nne zimebaki. Kwenda kote kungenipa saa chache kila mahali na usiku mzima ndani ya basi. Nikaiacha Jambur.

Iliniuma, na bado naamini nilifanya sawa. Kuna sababu nyingine pia. Watalii wengi hufika kijijini pale, hulipia ngoma ya nusu saa, hupiga picha, huondoka kabla jasho la wachezaji halijakauka. Sisi wenye undugu na watu wale hatufai kuwaendea hivyo. Kwenda Jambur ni kwenda kukaa, kuuliza habari za watoto na mashamba, kusikiliza. Hilo linataka safari yake.

Basi nikaenda Bhuj. Mji huu ulipigwa na tetemeko tarehe 26 Januari 2001, siku ya sikukuu ya Jamhuri, na katika wilaya nzima walikufa watu kwa maelfu. Makumbusho ya Smritivan, juu ya kilima cha Bhujio, yanaeleza siku ile kwa namna iliyonifanya nitoke kimya. Wenyeji wanahesabu miaka kwa tetemeko, kama bibi zetu walivyohesabu kwa njaa na mafuriko. Hata kijiji cha Ajrakhpur kimezaliwa nalo. Mafundi wa kitambaa cha ajrakh walikuwa wakiishi Dhamadka. Baada ya tetemeko maji ya huko yakawa na chuma kingi na rangi zikakataa kushika vizuri, basi wengi wakahamia karibu na Bhuj na kuanza upya. Ukiingia karakana, utasikia vibao vya mbao vikigonga kitambaa, bluu ya nili kwanza au nyekundu kwanza kutegemea fundi anataka nini, kisha kufua, kuanika, kugonga tena. Kitambaa kimoja hupita hatua zaidi ya kumi. Nilinunua kimoja tu. Fundi alinieleza kila alama iliyomo, nami nikamwonyesha kwenye simu kanga za mama yangu. Akazikuza picha, akahesabu rangi, akauliza pindo linapigwa kabla au baada ya mji. Sikuwa na jibu, na nikaona haya ya mtu anayevaa kitu asichokijua.

Mandvi iko kama saa moja na nusu kutoka Bhuj. Hapo ndipo safari yangu ilipopata maana. Kando ya mto Rukmavati, ndani ya mji wenyewe, wanaunda majahazi ya mbao hadi leo. Unayakuta yamesimama juu ya magogo, makubwa kama ghorofa, mataruma wazi kama mbavu za nyangumi, mafundi wamekaa juu ya jukwaa la mianzi wanatia pamba kwenye mianya ya mbao. Kazi ile ile ya kalafati niliyoiona utotoni kwa babu yangu. Nilishika mkuku wa jahazi moja nikashindwa kusema kitu. Wazee wetu walikuwa na jina la vyombo vya huku, kotia, na walikuwa wakiyangoja yatokeze na kaskazi yamebeba nguo na mchele, yangoje kusi, yarudi na pembe, karafuu na boriti. Sasa yanafungwa injini, lakini tezi na omo ni zile zile. Hakuna tiketi wala kamba ya kukuzuia. Salimia, omba ruhusa, usimame pasipowazuia kazi.

Ukitoka hapo kula dabeli, chakula kilichozaliwa Mandvi: mkate mdogo umejazwa mbatata zilizokolezwa viungo, njugu na punje za komamanga. Anayependa viazi vya karai hatahitaji kubembelezwa. Chakula cha Gujarat kwa jumla hakina nyama, na dengu zao huwa na utamu wa sukari guru ambao siku ya kwanza ulinishangaza na siku ya tatu nilikuwa nauomba. Pombe imepigwa marufuku karibu katika jimbo zima, kwa hiyo jioni za huko ni za familia, malai na mazungumzo.

Katika kijiji kimoja karibu na Bhuj, ambako nyumba nyingi zimejengwa kwa fedha za watoto walioko Nairobi na London, bibi mmoja aliyekaa barazani alinisikia nikizungumza na simu. Akaita: "Wewe kijana, natoka Mombasa?" Nikamwendea nikamwambia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kufikiri. Aliishi Ngara, Nairobi, miaka zaidi ya ishirini. Aliniuliza bei ya unga, akaniuliza kama mvua imenyesha, akanitia chai mara mbili, kisha akaniambia kwamba anayemkumbuka kuliko wote ni mama aliyekuwa jirani yake, waliyepeana chumvi juu ya ukuta. Tulikaa hadi jua likashuka. Siku ile nilikuwa nimepanga kwenda Rann, ile jangwa nyeupe ya chumvi. Nikaisogeza hadi kesho yake, na kwa vile nilikuwa Kutch usiku nne, kesho ilikuwepo.

Rann yenyewe nendeni karibu na mwezi mpevu. Chumvi inaanza miguuni na haionekani inapoishia. Nilipoikanyaga niliikumbuka nyumba ya Gandhi kule Ahmedabad, kando ya mto Sabarmati, alikotoka tarehe 12 Machi 1930 akatembea takriban kilomita 385 mpaka Dandi kuokota chumvi ambayo sheria ya Waingereza ilimkataza. Ukiwa Delhi hiyo ni habari ya kitabuni. Ukiwa umekaa Gujarat wiki nzima, unaijua chumvi yenyewe.

Kwa anayetaka kuanza: msimu ni Novemba hadi Februari, kukiwa baridi kidogo na pakavu. Ndege za moja kwa moja kutoka Nairobi na Dar es Salaam hutua Mumbai, kisha kuna treni au ndege fupi hadi Ahmedabad. Viza huombwa mtandaoni. Anayetoka Kenya awe na cheti cha homa ya manjano, na chanjo ipigwe angalau siku 10 kabla. Ukiwa umemsindikiza mgonjwa Mumbai na daktari akawapa siku nne za kungoja, na mgonjwa ana mtu wa kumwangalia, basi hata hizo zinatosha Ahmedabad. Tiketi za treni hufunguliwa siku 60 kabla ya safari na za msimu wa baridi huisha upesi.

Mimi zamu hii naenda kusini, Jambur na kando ya Gir, siku saba, mahali pamoja. Dada yangu anakuja. Amesema akitoka huko atabaki Agra siku mbili peke yake, na tarehe ameichagua mwenyewe: Jumamosi na Jumapili.