Inaoza, Sawa. Inaoza Wapi?

Mwaka jana nilifukia kikombe cha plastiki nyuma ya banda la kuku. Kilichorwa jani, na chini yake kimeandikwa kwamba kinageuka mboji. Juzi nachimba shimo la mgomba, jembe likakigonga. Nilikisuuza bombani. Kingo bado ngumu, jani bado la kijani, na nilipokijaza maji hakikuvuja hata tone.

Sisemi plastiki hizi ni uongo. Vikombe vya namna hii hutengenezwa kwa PLA, plastiki ya jamii ya poliesta inayotokana na wanga wa mahindi au sukari ya miwa. Minyororo yake ya molekuli imeshikwa na vifundo ambavyo maji huvifungua, mpaka vibaki vipande vifupi na asidi ya laktiki, ileile iliyomo kwenye maziwa ya mgando. Hapo bakteria na kuvu hupata chakula, wakabakiza hewa ukaa, maji na miili yao. Ni kazi nzuri kweli.

Ila vifundo hivyo vinataka joto! Kiwanda cha mboji hukaa kwenye nyuzi joto 58 hivi, na unyevu wa kutosha, wiki baada ya wiki. Kiwango cha ubora cha Ulaya kwa vifungashio vya kugeuka mboji, EN 13432, kinachotaka asilimia 90 ya plastiki igeuke hewa ukaa ndani ya miezi 6, kimewekwa kwa mazingira hayo. Udongo wa nyuma ya banda langu haukaribii joto hilo, na bahari ndiyo kabisa.

Mwaka 2019, watafiti Imogen Napper na Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walionyesha kwamba mfuko ulioandikwa "unaoza" ulikaa miaka 3 udongoni na baharini na bado ukabeba bidhaa za dukani. Ule ulioandikwa kwamba unageuka mboji ulitoweka baharini ndani ya miezi 3, lakini udongoni ulikuwapo hata baada ya miezi 27. Na kutoweka machoni si kuoza. Plastiki ikimeguka kabla vijidudu hawajaimaliza, inabaki chembe usizoweza kuziokota.

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2017, Tanzania 2019. Nisingependa jani la kuchorwa liturudishe tulikotoka. Anayeuza aandike wazi: inaoza wapi, kwa joto gani, kwa muda gani.

Kikombe nimekirudisha ardhini, kando ya mgomba. Tarehe nimeiandika kwa mkaa kwenye ukuta wa banda.