Mhadhiri hakosi moyo, anakosa muda

Kila muhula unapoanza nasikia lawama ileile: nimemwomba mhadhiri anisimamie mradi wangu binafsi, yaani utafiti ninaoufanya peke yangu na unaohesabiwa kama somo, akanipiga chenga. Halafu linafuata neno maringo. Wapo wenye maringo, sibishi. Ila ukiisoma barua pepe aliyotumiwa huyo mhadhiri, mara nyingi utamwonea huruma yeye.

Kuna jambo wanafunzi hawaambiwi. Katika vyuo vingi, kusimamia mradi wa mwanafunzi mmojammoja hakuhesabiwi kwenye mzigo wa ufundishaji, au kunahesabiwa kidogo mno. Mhadhiri ana madarasa yake, ana mitihani ya kusahihisha, ana wanafunzi wa uzamili wanaomngoja mlangoni, na ana utafiti wake ambao ndio unaompandisha cheo. Akikukubalia, anakupa saa zake bure. Chuo kinachojisifu kwamba wanafunzi wake wanafanya utafiti, huku gharama yote kikimwachia mhadhiri, kimevaa nguo ya kuazima. Njia nyingine zipo. MIT, chuo kikuu cha Marekani, ilianzisha mpango wa utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza mwaka 1969, na humo mwanafunzi anaweza kupata krediti, yaani pointi za masomo zinazohesabiwa kwenye shahada, au hata kulipwa. Palipo na mpango wa namna hiyo, huenda kubembeleza kwenye korido kukapungua.

Kama chuo chako hakina mpango huo, hutangoja kianzishe ndipo uhitimu. Kwa hiyo kazi yako ni moja: kumrahisishia mhadhiri kusema ndiyo.

Chukua barua hii: "Habari Profesa. Ninapenda sana mambo ya usingizi. Naomba unisimamie muhula huu." Aifanyie nini? Swali alitafute yeye, makala azitafute yeye, ratiba aipange yeye. Huyu hajaombwa usimamizi, amepewa kazi ya pili.

Sasa hii: "Habari Profesa. Kwenye kozi yako tulisoma kwamba usingizi husaidia kumbukumbu. Nataka kujua kama usingizi mfupi wa mchana unamsaidia mtu anayejifunza msamiati wa lugha mpya. Nimepata makala nane, orodha nimeiambatisha. Napendekeza kuandika mapitio ya kurasa 20, rasimu niilete katikati ya muhula, na tukutane nusu saa kila baada ya wiki mbili." Hii inajibika kwa ndiyo, kwa hapana, au kwa "swali lako bado pana, punguza". Hata hilo la tatu ni ushindi, maana mhadhiri hahangaiki kupunguza swali la mwanafunzi ambaye yeye hataki kumsimamia.

Kabla ya kuituma, piga hesabu ya saa. Kwenye mfumo wa krediti wa Ulaya, krediti 1 ni saa 25 hadi 30 za kazi, hivyo mradi wa krediti 6 unadai saa 150 mpaka 180. Uingereza krediti 1 ni saa 10. Chukua hesabu ya chuo chako, igawe kwa wiki za muhula, kisha uitazame ratiba yako bila kujidanganya. Kuna wanaokimbilia mradi binafsi kwa sababu hauna kipindi cha asubuhi. Hao ndio hupotea wiki ya tatu na kuibuka mwishoni na visingizio.

Ukitaka kuwagawia wenzako dodoso kuhusu usingizi wao, umeshaingia kwenye utafiti unaohusu watu, na hapo kamati ya maadili ina neno. Kibali hutakiwa kabla ya kukusanya data, na kamati hukutana kwa ratiba zake, si zako. Kwa mradi wa muhula mmoja mimi ningesoma yaliyokwisha kuandikwa, au ningetumia data zilizokwisha kutolewa kwa umma. Utafiti mdogo uliokamilika nauthamini kuliko dodoso lililokwama kwenye foleni ya vibali.

Kuhusu nani wa kumwomba, watu watakwambia mtafute profesa mwenye jina. Mimi nasema mtafute anayerudisha kazi za wanafunzi zikiwa na maoni pembeni. Mwenye jina yuko safarini. Mhadhiri kijana aliyekufundisha mwaka jana, anayekujua kwa sura na kwa mwandiko, atakusoma kweli.

Fomu ya kusajili mradi nayo isikuchoshe. Saini ya msimamizi, saini ya mkuu wa idara, ofisi ya usajili, yote kabla ya siku ya mwisho ya kuongeza masomo: hilo ni la kukimbia tu. Pale penye nafasi ya kueleza mradi ndipo pa kutulia. Andika utakabidhi nini, lini, na alama zitagawanywaje kati ya rasimu, vikao na kazi ya mwisho. Mkiacha hapo patupu, mwisho wa muhula wewe utakuwa unaamini umemaliza na yeye anaamini umeanza, na hakuna karatasi ya kuwaamua.

Akikataa, mshukuru, kisha muulize nani mwingine kwenye idara angefaa. Swali hilo linamchukua dakika moja, na wahadhiri wanajuana mizigo yao kuliko unavyodhani. Barua unayo tayari. Badilisha jina la kozi tu kabla ya kuituma kwa mwingine, tafadhali, maana hilo nalo husahauliwa.