Drili Isiyo na Ufunguo

Jamani, drili ya zamani ilikuwa na ufunguo wake wenye meno, wa kukazia mdomo unaoshika biti, kile chuma cha kutobolea. Baba yangu aliufunga kwenye waya kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na bado ulipotea. Mimi nikajifanya mjanja. Nikaenda Kariakoo, nikataka ile ya kukaza kwa mkono. Muuzaji akanipa yenye mdomo wa milimita 13, akasema, "Bosi, hii hata mtoto anaiweza."

Mtoto gani? Labda wake.

Jumamosi Mama Nasra akanikumbusha kuwa mama yake anaingia kesho, na fimbo ya pazia iko chini tangu Idi. Nikapanda stuli. Nikachomeka biti ya milimita 6, nikazungusha mdomo krr, krr, nikajiona fundi. Sasa juu ya dirisha langu si tofali, ni lenta, zege tupu. Nikabonyeza. Kelele mpaka jirani akazima redio, vumbi hata chembe. Kuchungulia, mdomo unazunguka kama pangaboi, biti yenyewe imetulia ukutani kama mjumbe anayesubiri chai.

Nikakumbuka niliwahi kuona mtu anashika mdomo kwa kiganja, anawasha, mota inajikaza yenyewe. Nikajaribu. Drili ikakaza kifundo cha mkono wangu, biti ikaiacha vilevile.

Basi nikasema nianze na ndogo, ya milimita 3. Mle ndani kuna taya tatu, nami biti nikaibanisha kati ya mbili, ya tatu haina habari. Kuwasha tu, biti ikaanza kukata kiuno kama imealikwa ngoma. Biti ya milimita 3, tundu likaingia kidole gumba!

Mama Nasra hakusema neno. Alikwenda kumwita kijana anayechomelea mageti hapo nje.

"Shikamoo mzee." Akaitazama ile ya 6. "Hii umeipaka nini?"

"Mafuta ya kula. Isishike kutu."

Akaifuta kwenye suruali, akapuliza vumbi mdomoni mwa drili. Akaisukuma biti mpaka mwisho, akairudisha nyuma kidogo sana, akafunga taratibu huku anaichezesha kwa vidole ikae katikati. Halafu akakaza kwa mikono miwili, uso umekunjamana, kama anakamua tui kwenye kifumbu. Akaiwasha hewani kwanza: ncha imesimama kama sindano. Tundu likatoka safi.

"Zege linatikisa, mzee, linalegeza. Kila tundu moja mawili, simama ukaze upya. Nipe 5,000."

Shilingi 5,000 za kusokota mkono! Nikamwambia aende, tundu la pili nalimudu mwenyewe. Na kweli nililianza vizuri. Kukaza upya sikukaza, maana mdomo ulionekana umekaza tu, na mimi nina haraka. Nusu ya safari drili ikarudi mikononi mwangu, biti ikabaki ukutani. Nimeivuta kwa koleo, nimeibembeleza, nimeitukana. Haitoki.

Jumapili mama mkwe akaingia. Akalitazama pazia lililoning'inia upande mmoja, akatazama huku na huku, kisha akatundika mkoba wake kwenye biti.

"Hapa mmefanya vizuri," akasema. "Ila baba, ungeweka na nyingine, ya ushungi."