Ukigawa Zahanati, Hesabu Zahanati

Kuna tafiti zinazosifiwa kwa ukubwa ambao hazina. Mtafiti anachukua zahanati nne. Wahudumu wa mbili wanapewa mafunzo mapya ya kutibu shinikizo la damu, mbili zinaendelea kama kawaida. Kila moja inaandikisha wagonjwa 500, kisha ripoti inatoka kwa herufi nene: wagonjwa 2,000! Mfadhili anafurahi, ukumbi unapiga makofi. Mimi nikiusoma naona utafiti wenye washiriki wanne.

Najua nitabishiwa kwamba kila mgonjwa ana presha yake na faili lake. Kweli. Lakini wagonjwa wa zahanati moja hawatofautiani sana: wanaonwa na mganga yule yule, wanapimwa kwa mashine ile ile, na dawa zikikata stoo zinawakatikia wote. Ukishawasikiliza hamsini wa kwanza, wa hamsini na moja hana jipya kubwa la kukuambia.

Wanatakwimu wana namba ya kupima mfanano huo, yaani sehemu ya tofauti zote inayotokana na kituo badala ya mgonjwa mwenyewe. Katika huduma za afya ya msingi mara nyingi iko chini ya 0.05, ndiyo maana watu huidharau. Tuseme ni 0.02. Chukua idadi ya wagonjwa wa zahanati moja, toa mmoja, zidisha kwa namba hiyo, ongeza 1. Kwa wagonjwa 500 unapata karibu 11. Gawanya 2,000 kwa 11: umebaki na ushahidi wa watu 180 hivi. Wagonjwa hao hao 2,000 ungewapata kwenye zahanati 40, hamsini kila moja, kigawanyo kingeshuka hadi karibu 2 na ungebaki na zaidi ya 1,000. Idadi ya watu ni ile ile, ushahidi ni zaidi ya mara tano.

Na hiyo 180 bado ni kukuonea huruma. Zahanati nne zinagawanyika mbili mbili kwa njia 6 tu. Hata zile mbili zako zenye mafunzo zikiongoza kwa mbali, bahati ya kura ya kuzigawa peke yake ingeweza kukupa matokeo hayo mara 1 kati ya 6. Hapo hata ulipie programu ya takwimu ya bei gani, haikusaidii.

Basi kwa nini tusigawe wagonjwa mmoja mmoja? Ikiwa unajaribu kidonge, gawa wagonjwa, tena usitafute visingizio. Lakini mafunzo hayavuliwi kama koti. Mganga aliyefundishwa jana hawezi kujifanya hajui leo kwa sababu tu aliyeingia chumbani ni mgonjwa wa kundi la kulinganishia. Hapo unalazimika kugawa vituo.

Tunao mfano wetu wa kuonyesha inavyofanyika. Mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti walitaka kujua kama kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya na zahanati za kawaida kungepunguza maambukizi mapya ya VVU. Walichukua jamii 12, wakazipanga jozi 6 zinazofanana: za visiwani kwa za visiwani, za kando ya ziwa kwa za kando ya ziwa, za barabarani kwa za barabarani. Ndani ya kila jozi, moja ilipata huduma iliyoboreshwa: mafunzo kwa wahudumu, dawa za uhakika, usimamizi wa mara kwa mara. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya yalikuwa asilimia 1.2 upande huo na 1.9 upande wa pili. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995.

Watu hukariri ile asilimia 40 hivi ya kupungua. Mimi hunivutia zaidi kwamba katika jozi zote 6 maambukizi yalikuwa machache zaidi upande wa huduma iliyoboreshwa. Kwa kura tupu, hilo lingetokea mara 1 kati ya 64. Walikuwa na maelfu ya watu waliopimwa damu, lakini uchambuzi wao ulizingatia kwamba zilizogawanywa ni jamii.

Najua kinachowakwamisha wengi: mafuta ya gari, posho, barabara za masika. Kufika zahanati 40 ni ghali kuliko kukaa kwenye nne. Sawa. Kama fedha inatosha nne, andika kwamba ni jaribio la awali la kuona kama kazi inawezekana, usidai kwamba mafunzo yameshusha presha. Na bajeti ikiruhusu kidogo tu, punguza wagonjwa kwa kila kituo, ongeza vituo.

Ombi jingine ni dogo na halina gharama. Ukimaliza utafiti, chapisha ile namba ya mfanano uliyoipata, hata kwenye kiambatisho. Wanafunzi wetu wanakokotoa sampuli za zahanati za Singida kwa namba walizoazima kwenye kliniki za Uingereza, kwa sababu za hapa zimelala kwenye kompyuta za watu.