Compton: Anzeni Makaburini

Kosa letu lilikuwa la mpangilio. Tulipanda treni asubuhi kutoka Waterloo, London, tukashuka Guildford, tukachukua basi hadi kijiji cha Compton na kuingia moja kwa moja kwenye nyumba ya sanaa ya mchoraji Mwingereza G. F. Watts. Humo tukakaa mpaka mchana ukatukimbia. Kikanisa cha makaburini, kilicho mwendo mfupi tu kwa miguu, tukakiachia saa ya mwisho, kama mtoto anayebakiza nyama pembeni ya sahani halafu anaitwa kabla hajaila.

Sisemi picha ni mbaya. Watts alikuwa jina kubwa enzi za Malkia Victoria, na huenda umewahi kuiona ile picha yake ya Tumaini: mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni, ameketi juu ya tufe, sikio kaliinamishia kinubi kilichobakiwa na uzi mmoja. Hiyo inanigusa kila ninapoiona. Lakini kazi zake nyingi zinahubiri. Kifo, Upendo, Wakati, kila mmoja kajitanda shuka. Kufikia chumba cha pili nilikuwa nimehubiriwa vya kutosha.

Halafu kuna lile jitu la plasta, sanamu ya Watts ya mpanda farasi iitwayo Physical Energy. Ukisimama chini yake unajiona sisimizi. Nililistaajabia kweli, hadi nilipokumbuka kwamba sanamu ya kwanza ya shaba iliyotokana na kazi hii ilipelekwa Cape Town, kwenye mnara wa kumtukuza Cecil Rhodes, yule mkoloni wa Kiingereza. Farasi hakubadilika. Jicho langu ndilo lililobadilika.

Sasa Mary, mke wa Watts. Walipooana mwaka 1886 mume alikuwa na miaka 69, yeye 36, naye alikuwa msanii aliyesomea kazi yake. Walijenga nyumba hapa Compton, Limnerslease, na kijiji kilipohitaji makaburi mapya, Mary akajitolea kubuni kikanisa. Angeweza kuleta mafundi kutoka London. Badala yake alifungua darasa la ufinyanzi jioni, akawafundisha wanakijiji, na zaidi ya 70 kati yao walitia mikono yao katika kazi hiyo. Udongo ulitoka kwenye ardhi ya Limnerslease. Mzee naye alichora picha za watu wenye fedha ili gharama zilipike. Ujenzi ulianza mwaka 1896, ukakamilika 1898.

Kwa nje ni tofali nyekundu na mapambo ya udongo wa kuchoma: mafundo yanayosokotana, ndege, nyuso za malaika. Ukikaribia unaona nyuso hazilingani. Hapo ndipo niliposimama muda mrefu kuliko mbele ya picha yoyote. Ndani ndiko kulikonimaliza. Kuta zote, hadi darini, zimejaa malaika wa plasta iliyopakwa rangi, kijani kizito, wekundu, dhahabu iliyofifia, na mizizi inayopanda kama mti mmoja umemeza chumba kizima. Mapambo hayo ya ndani yalimalizika mwaka 1904, mwaka uleule nyumba ya sanaa ilipofunguliwa na Watts akafariki.

Nasikia watu wakikiita kikanisa hiki kazi ya pembeni ya mke wa mchoraji. Kwangu ni kinyume. Mume aliwachorea watu mawazo makubwa wayatazame kwa mbali. Mke aliwapa udongo mkononi. Kazi ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo niliyoifuata hadi kwenye makaburi yenyewe, ambako baadhi ya alama za makaburi zimefinyangwa kwa udongo na kiwanda cha ufinyanzi kilichozaliwa na lile darasa.

Kwa hiyo ukienda, shuka kwenye basi, nenda makaburini kwanza ukiwa bado na nguvu za macho. Picha zitakusubiri. Mwenzangu alikuwa anahesabu malaika wa ndani muda wa kufunga ulipofika. Alifika kumi na kitu, akapotea, akaanza upya.